Kamba Kumi na Sita

Biasha Selemani alifika mwisho wa shamba lake huku toroli bado limejaa miche. Akatazama nyuma, akatazama mbele. Mbele kilisimama kigingi cha mpaka kilichopakwa rangi nyekundu, na ng'ambo ya kigingi lilikuwa pori la watu wengine. Miche ya mikorosho aliyokwisha kupanda ilikuwa mia moja na kumi na sita. Iliyobaki, ukijumlisha ya kwenye toroli na ile yake iliyoko kitaluni nyumbani, ilikuwa mia moja na arobaini. Na shamba limekwisha.

Wa kwanza kumlaumu alikuwa yeye mwenyewe. Biasha ni wa namna hiyo, hata mbuzi wa jirani akivunjika mguu atajiuliza kama yeye ndiye aliyeacha shimo wazi. Akasema labda ameachia nafasi kubwa mno. Akachukua ufito wake wa kupimia, akarudi mche kwa mche chini ya jua la saa sita, akapima. Mita kumi na mbili kutoka mche hadi mche, kama bwana shamba alivyowafundisha. Hakuna hata mmoja uliokosea. Akakaa kwenye ukingo wa toroli jasho likimtiririka, akaanza kufikiri, na alichokifikiri hakukipenda.

Ili uelewe kilichompata, kwanza ujue habari ya kamba. Kijijini kwao, huko bara ya Mitwero, ekari ni za kwenye makaratasi. Pori hupimwa kwa kamba, na kamba yenyewe ni moja tu, ya mkonge, urefu wake mita hamsini, inakaa darini kwa Mzee Bakary, mwenyekiti wa kitongoji, na hakuna anayeigusa bila ruhusa yake. Mtu akipewa pori, hufyekwa mkuza kulizunguka, yaani kijinjia chembamba cha kupita mtu na panga lake. Kisha kamba hupitishwa humo, moja, mbili, tatu, mpaka irudi ilikoanzia. Idadi hiyo ndiyo ukubwa wa shamba, na ndiyo itakayotajwa hata mwenyewe akifa. Fulani kaacha shamba la kamba kumi na mbili. Fulani alimwoa binti wa mwenye kamba ishirini. Watu wa shule wana jina lake, wanauita mzingo, lakini kule ni kamba tu.

Na wala usiwacheke. Babu zao hawakuwa wajinga. Enzi hizo pori lilikuwa la kumwaga, kila mtu alifyeka shamba la pembe nne, pande zote sawa, kwa hiyo ukishajua mzunguko umejua kila kitu. Taabu imekuja siku hizi, ardhi imebanana, mashamba yana mikia na makwapa, lakini midomo ya watu imebaki na hesabu ileile ya babu. Kamba kumi na sita ni kamba kumi na sita. Ukimwambia mtu wa pale kwamba kumi na sita moja inaweza kuizidi kumi na sita nyingine, atakuuliza kama umekula.

Huseni alilijua hilo. Alizaliwa palepale.

Huyo Huseni ni mdogo wake Biasha, tumbo moja. Mama yao alifariki Huseni akiwa na miaka mitatu, Biasha kumi na miwili na ndiyo kwanza amemaliza darasa la tano. Baba akamwambia, "Kaa na mtoto kwanza, utarudi mwakani." Mwaka ukaja, ukapita, ukaja mwingine. Biasha alimbeba Huseni mgongoni kisimani na shambani, akamwachisha kulia usiku kwa kumnywesha uji kwa kijiko. Baadaye akajifunza kusuka mikeka ya ukindu, na mikeka hiyo ndiyo iliyomvalisha Huseni sare, ikamnunulia godoro la bweni, ikampeleka chuo. Alipotoka huko ametoka mwalimu wa hesabu. Sasa anafundisha sekondari mjini Lindi, ana nyumba Mtanda, ana mke aitwaye Adija, ana miwani. Biasha akiwa msibani au kwenye harusi hakosi kupenyeza maneno, "Mdogo wangu yule wa hesabu," hata pale ambapo watu wanazungumzia bei ya sukari.

Baba yao alikuwa na pori kando ya bonde, hakuwahi kulifyeka. Miaka miwili kabla ya kufa aliwaita watoto wake wawili mbele ya Mzee Bakary akasema, "Hili si mirathi. Hii ni zawadi yangu nikiwa hai na akili zangu timamu. Mgawane sawasawa, kamba kwa kamba, wa kike na wa kiume." Huseni akaitikia amina pamoja na wengine. Baba akafariki mwaka jana, arobaini ikapita, na Huseni akasema yeye ndiye atakayeshughulikia mgawanyo, dada asisumbuke.

Nani angekataa? Mwalimu wa hesabu ndiye huyo ndani ya familia.

Mwezi wa tisa Huseni alikuja akakaa siku tatu. Alilala kwa Biasha, akala kwa Biasha, asubuhi akajitia porini na daftari na penseli, jioni akarudi na kupe miguuni, Biasha akimtoa kupe mmoja mmoja kwa kibanzi. Aliporudi mjini akapiga simu. "Dada, si unaotesha miche? Na mimi nioteshee mia mbili hamsini na sita." Biasha akacheka. "Hiyo sita ya nini? Si useme mia mbili na hamsini?" Huseni naye akacheka. "Hesabu zetu hizo dada, wewe otesha tu." Basi Biasha akajaza udongo kwenye viriba, akaotesha mia mbili hamsini na sita ya mdogo wake, akaotesha na yake idadi ileile, kwa kuwa mashamba yatakuwa sawa. Aliimwagilia yote kwa ndoo ya kichwani.

Mwisho wa mwezi wa kumi kamba ikapitishwa. Mzee Bakary aliishika mwenyewe ncha ya kwanza, mashahidi wanne wakafuata, na Huseni akahesabu kwa sauti ya darasani. Sehemu ya kwanza ilikuwa kando ya barabara. Nne kwenda, nne kushuka, nne kurudi, nne kupanda. Kumi na sita! Sehemu ya pili ilikuwa bondeni, ilitambaa ikifuata ukingo wa bonde mpaka kule kwenye kigingi chekundu. Saba kwenda, moja kushuka, saba kurudi, moja kupanda. Kumi na sita! Pori lilikuwa zito kiasi kwamba ukiwa ndani ya mkuza huoni hatua kumi kando yako, unaona tu mgongo wa aliyekutangulia. Biasha alizunguka sehemu zote mbili, miguu ikachoka sawasawa, na alipohesabu kwa vidole akapata kile alichopata mwalimu.

"Wewe dada chukua la bondeni," Huseni akamwambia mbele ya watu. "Kuna unyevu, utapanda na mchicha wako. Mimi nitajibanza huku kwenye vumbi la barabara."

Biasha alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Mzee Bakary akamuuliza mara tatu kama desturi inavyotaka, umeridhika, na mara tatu akajibu nimeridhika, ya tatu kwa sauti kubwa kuliko zote. Palepale akavikwa kilemba cha ukoka na kila shahidi: binti Selemani mungwana, binti Selemani hana makuu. Wakati wa kufyeka, alimaliza pori lake yeye na majirani wawili kwa siku tisa. Vibarua wa Huseni walichukua wiki tatu. "Pori lako laini dada," Huseni alimtania kwenye simu. Biasha akasema alhamdulillahi, Mungu kamwonea huruma.

Haya, sasa turudi kwenye toroli.

Alilisukuma mpaka nyumbani. Kilichomkaa kichwani ni swali moja tu: mia moja na kumi na sita imejaza shamba, sasa hii mingine ingeenda wapi kama mashamba ni sawa? Uani kulikuwa na kazi yake, mkeka wa bibi harusi mmoja wa kijiji cha Sudi. Ukili, ile mikanda iliyosukwa ya kushonea mkeka, ulikuwa bado haujatosha, ila pindo la kuzungushia ukingoni alikuwa ameshalishona na kuliunga, liko tayari limekunjwa kwenye ungo. Pindo lile lilikuwa la mikono kumi na sita.

Hajui ni kitu gani kilichomsukuma. Alilitoa pindo akalitandaza mchangani kwa umbo la mkeka alioagizwa, mikono minne kila upande. Hapo bibi harusi na bwana wake wangelala na bado wakapishana. Kisha akalivuta. Akalinyoosha mikono saba huku, mkono mmoja pale, saba kurudi, mmoja kufunga. Pindo lilelile, halikuongezwa uzi wala kukatwa. Lakini mkeka gani huo? Mtu angeulalia kwa ubavu akaanguka. Wa kwanza ungekula ukili wa mwezi mzima wa kusuka, huu wa pili angeumaliza kwa siku chache akasimama kwenda kupika.

Akaanza kuhesabu vipande vya mkono kwa mkono, akivichora kwa kidole mchangani ndani ya pindo. Ndani ya ule mraba, vipande kumi na sita. Ndani ya ule mwembamba, saba. Akafuta, akahesabu tena. Saba.

Miaka thelathini na zaidi anasuka. Hakuna mteja aliyewahi kumdanganya kuwa mkeka ni pindo. Angeletewa habari ile kwa lugha ya ukindu angeikataa kabla haijamaliza kusemwa. Kaletewa kwa lugha ya kamba, kamba ya babu yake, akaiitikia mara tatu. Biasha alijisikia aibu kwanza, aibu ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia ilhali yeye mwenyewe ndiye mfuga mbuzi. Hasira ilikuwa bado njiani.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mzee Bakary na pindo lake. Alimtandazia barazani, mraba, kisha mwembamba. Mzee akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akainama akalitandaza kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, kisha akashika kiuno. Pale mtu mwenye haya angesema kitu. Mzee Bakary akajikohoza.

"Kamba ni kamba, binti Selemani. Mimi napima kuzunguka. Ya ndani ni yenu wenyewe."

"Lakini baba alisema sawasawa."

"Alisema kamba kwa kamba, nami nilikuwepo. Na wewe ulisema umeridhika, mara tatu, watu wamesikia. Nikivunja hili la kwako, nivunje na ya wangapi?" Kisha, labda kwa kuona uso wake, akalegeza. "Nenda kwa mdogo wako. Huenda naye kapitiwa. Binadamu yule."

Neno hilo Biasha alilibeba kama yai mpaka mjini. Kapitiwa. Kwenye bodaboda alijisemea, watu wa hesabu ndio hukosea vitu vidogo. Mbona yeye mwenyewe aliwahi kutia chumvi mara mbili kwenye uji wa futari? Akamwomba Mungu, na aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba shamba. Aliomba Huseni awe hakujua.

Adija alimpokea mlangoni. "Karibu wifi, mbona ghafla?" Akaleta chai na maandazi. Huseni alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari ya wanafunzi, akainuka, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Biasha hakuzunguka mbuyu. Alilitoa pindo kwenye pochi, akalitandaza juu ya zulia, akaonesha.

Huseni alitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Lahaula! Dada, unasema kweli? Hebu." Akalivuta kwa vidole. "Ama kweli. Hata mimi sikulitazama hivyo. Kamba zilikuwa sawa, nikaona yamekwisha."

Biasha alipumua. Alicheka peke yake, akachukua andazi ambalo mwanzo hakuwa na hamu nalo, akalimega. "Mimi nilijua tu! Hata Mzee Bakary alisema huenda umepitiwa. Basi Ijumaa tupitishe kamba upya, tugawe kwa vipande vya ndani, kumi na moja na nusu wewe, kumi na moja na nusu mimi. Unaona? Nimeshapiga na hesabu."

"Sawa dada. Ila kuna tatizo dogo. Makaratasi yameshapigwa mhuri."

"Mhuri si wa kijiji? Aliyeupiga ataupiga tena."

"Si rahisi hivyo." Alikuna kidevu, akatazama madaftari yake, akatafuta pa kupitia. "Halafu dada, tusipoteze mvua. Nimeshawaambia vibarua wachimbe mashimo. Jumamosi nitakuja na gari. Miche yangu ipo yote? Ile mia mbili hamsini na sita?"

Andazi likasimama njiani. Biasha alilirudisha kwenye sahani.

"Mashimo mangapi wamechimba?"

"Hayohayo. Safu kumi na sita, kila safu kumi na sita."

"Yametimia?"

"Yametimia barabara."

"Huseni," Biasha alisema taratibu, "miche hiyo uliniagiza lini?"

"Si mwezi wa tisa."

"Na kamba tulipitisha lini?"

Adija aliinuka akaanza kukusanya vikombe, na vikombe vilikuwa bado vina chai.

"Mwisho wa mwezi wa kumi," Biasha akajijibu mwenyewe. "Hata mkuza ulikuwa haujafyekwa. Mzee Bakary alikuwa hajaishusha kamba darini. Ulijuaje kwamba lako litameza mia mbili hamsini na sita, lisizidi hata mche mmoja, lisipungue? Nilikuuliza hiyo sita ya nini, ukacheka."

Mdogo wake alivua miwani tena, na safari hii hakuivaa. Aliposema, ile sauti ya kudeka ilikuwa imekwisha. Alitoa sauti ya mbele ya ubao.

"Dada, tuzungumze kama watu wazima. Kwa sheria ya dini, mwanamume ana mafungu mawili, mwanamke moja. Baba alifuata moyo wake, sikumpinga, sikutaka kumkwaza mzee mgonjwa. Mimi nimerudisha mambo mahali pake. Nina watoto watatu hapa. Wewe binti yako ameolewa, una nini cha kukosa?"

"Baba alisema si mirathi. Ni zawadi."

"Hayo ni maneno."

"Na uliitikia amina."

Huseni akafunika daftari lililokuwa wazi mbele yake.

Hapo hasira ilikuwa imefika, lakini ilimfika Biasha kwa namna ya ajabu, ikamtoka kwa sauti ndogo. "Ungesema tu, Huseni. Ungekuja pale nyumbani ukakaa kwenye kigoda chako, ukasema, dada, nataka mafungu mawili. Ningekupa. Wallahi ningekupa, na siku hiyo ningekuchinjia kuku. Nilikunyima nini mimi tangu umejua kutembea? Ulilala kwangu siku tatu. Nilikutoa kupe. Kumbe ulikuwa unapima namna ya kunipiga chenga mimi."

"Mimi sikumwibia mtu!" Sasa alipandisha. "Kamba ilipita mchana kweupe, mashahidi wanne, umeulizwa mara tatu. Nilificha nini? Mzingo na eneo ni vitu viwili tofauti, hesabu ya darasa la sita hiyo dada. Mtu asipoijua, nalo kosa langu?"

Jikoni kikombe kiligonga sahani. Nje alipita muuza samaki akinadi, akapita, sauti ikafifia. Huseni aliusikia mwenyewe ule usemi wake baada ya kuutoa, ilionekana usoni, akafumbua mdomo kama anayetaka kuurudisha. Haukurudi. Biasha alikuwa ameinama anakusanya pindo lake, akilikunja kwa uangalifu, kwa kuwa lilikuwa la bibi harusi wa watu. Alimuaga Adija jikoni. Adija alimshika mkono, akasema, "Wifi, mimi nilimwambia," akaachia hapo. Biasha akajua kwamba hata huyu alijua.

Barabarani hakulia. Alilia alipofika nyumbani na kuiona ile miche, mia mbili hamsini na sita ya mdogo wake, imesimama kwa safu chini ya kivuli cha makuti, majani yanang'aa. Safu zenyewe alizipanga yeye. Kila jioni alizimwagilia zake baada ya kumaliza za Huseni, ili maji yakipungua yapungue upande wake. Aliumia kwa hilo kuliko kwa ardhi. Ardhi angeweza kuisamehe, kwani alikuwa tayari kuigawa. Kilichomuuma ni kwamba kila alichokuwa akikifanya kwa mapenzi, mwenzake alikuwa ameshakiingiza kwenye hesabu: dada hatauliza, dada atafurahi kupewa bondeni, dada atasema nimeridhika, na ya tatu ataisema kwa sauti. Na ilitimia kama mashimo yake.

Habari ilienea, kijiji ni kijiji. Wengine walimwambia aende baraza la kata, akasema atakwenda, na ana nia. Wengine walisema Mzee Bakary ale kamba yake. Stella, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyemsaidia kufyeka, alikuwa na ushauri wa moja kwa moja. "Acha kumwagilia. Siku nne tu za jua hili, akija na gari akute kuni."

"Miche haijamkosea mtu," Biasha akamjibu.

"Basi mpe mia moja na kumi na sita, uone kama naye atasema nimeridhika."

Biasha alicheka, cheko la kwanza tangu Mtanda, lakini asubuhi na jioni alichukua ndoo. Alimwagilia safu zote. Alijua hakuwa akifanya hivyo kwa upole, ingawa watu walisema ni upole. Alitaka tu asibaki na kitu chochote cha Huseni ambacho yule angeweza kuja kukidai tena.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilisimama mbele ya nyumba. Huseni alishuka na mfuko mkononi, sukari na mchele, na kitenge kipya kimechomoza juu. Dereva akashuka nyuma yake kufungua bodi. Stella alikuwa anaanika muhogo upande wake wa ua, akaacha mikono ndani ya muhogo. Biasha alikuwa kitaluni anaokota majani makavu kati ya viriba.

"Shikamoo dada," Huseni alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, karibu na ya mtoto, akiwa ameinamisha kichwa. Biasha aliokota jani moja. Akaokota na la pili. Dereva, ambaye hakujua lolote, akageuza uso akajifanya anakagua tairi.

Huseni alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule. "Dada. Shikamoo."

Biasha alinyooka, akajipangusa udongo kwenye kanga, akamtazama usoni kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kuulizia njia.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Miche yako ile pale. Mwambie dereva aanzie upande wa ukuta." Kisha akachukua ndoo yake, akaingia ndani.

Huseni alisimama palepale uani na mfuko wake, akiisubiri marahaba.